Siri ya Mtoto Haipelekwi Mferejini

JUMAMOSI asubuhi katika mtaa wowote wa Eastlands, iwe ni Kayole, Dandora, Huruma au Umoja, mkutano mkubwa wa wiki hufanyika mferejini. Mitungi imepangwa foleni, maji yanatoka kwa kusuasua, na akina mama hawana la kufanya ila kungoja na kuzungumza. Bei ya unga hujadiliwa hapo. Ndoa za watu hujadiliwa hapo. Na katika foleni hiyo hiyo, akiwa amejifunga leso kama wenzake, amesimama mwalimu wa chekechea.

Mwalimu huyu hufunza watoto wa nusu ya akina mama walio hapo. Anajua ni nani hajalipa karo tangu muhula uliopita. Anajua ni mtoto yupi hukojoa kitandani, maana mtoto mwenyewe alimwambia. Anajua ni baba yupi hakulala nyumbani juzi. Mtoto wa miaka minne hana habari ya kuficha. Yaliyotendeka usiku atayasimulia asubuhi, tena kwa vitendo.

Tuseme basi jirani mmoja anamgeukia mwalimu na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hebu tuambie, yule mtoto wa nyumba nambari saba, mbona siku hizi amekonda hivyo?"

Mpenzi msomaji, mwalimu huyo atajibu nini?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika mitaa yetu, mwalimu wa chekechea ndiye kata. Huingia ndani ya maisha ya familia akaona yaliyo chini kabisa, hata yale ambayo jamaa wa karibu hawayaoni. Ndiyo maana kazi yake inahitaji maadili pengine kushinda kazi nyingine nyingi. Na ukichunguza sana utaona kwamba sehemu kubwa ya maadili hayo ni kujua mambo mawili: siri ipi aitunze hadi kaburini, na siri ipi asithubutu kukaa nayo hata usiku mmoja.

Mtoto asiyeweza kushtaki

Mimi mwenyewe nilisomea nasari katika mtaa mmoja kando ya Barabara ya Jogoo miaka ya 1990. Nyimbo nyingi tulizoimba nimezisahau. Nisilolisahau ni Ijumaa. Kila Ijumaa mwalimu alisoma majina ya wale ambao wazazi wao hawakuwa wamelipa karo, nasi tulioitwa tulisimama ukutani huku wenzetu wakinywa uji. Hadi leo nakumbuka rangi ya kikombe cha mtoto niliyeketi naye. Kilikuwa cha buluu.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alitufunga kamba za viatu na kutupangusa kamasi. Aliagizwa na mwenye shule, na mshahara wake ulitoka katika karo ile ile. Lakini sikumwambia mama. Ningemwambia nini? Nilidhani kosa ni langu.

Hapo ndipo kazi ya chekechea hutofautiana na kazi nyingine. Mgonjwa akitendewa vibaya atalalamika, au jamaa zake watalalamika kwa niaba yake. Mwanafunzi wa sekondari atagoma au atakimbilia nyumbani. Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kutosha kushtaki, na mara nyingi haelewi kwamba ametendewa ubaya. Mlinzi wake ni dhamiri ya yule mtu mzima aliyefungiwa naye chumbani.

Tukumbuke pia kuwa elimu hii si jambo la kupuuzwa kama wengine wanavyodhani. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, iliendesha mradi wa chekechea kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mnamo mwaka wa 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kikaanzishwa. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Nao mtaala wa umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka wa 2019, ukaipanga chekechea kuwa PP1 kwa watoto wa miaka minne na PP2 kwa wale wa miaka mitano.

Hata hivyo, watoto wengi wa Eastlands husomea shule za watu binafsi, za makanisa na za vikundi vya kijamii. Nyingine zimo katika majengo ya kupendeza ya Buruburu na Donholm. Nyingine ni vyumba viwili vya mabati kando ya duka la makaa. Mkaguzi anaweza kupitisha muhula mzima bila kubisha hodi. Ndiyo maana sheria pekee haitoshi.

Pande nne za wajibu

Je, maadili ya kazi hii ni yapi? Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NAEYC, kilipitisha kanuni zake mwaka wa 1989. Kanuni hizo hupanga wajibu wa mwalimu katika pande nne: kwa mtoto, kwa familia yake, kwa wafanyakazi wenzake na kwa jamii. Juu ya yote limewekwa sharti moja, kwamba mwalimu asimdhuru mtoto. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 1990. Hapa nyumbani, Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ya mwaka wa 2012 inakataza mtu yeyote kufunza bila kusajiliwa, na mwaka wa 2015 tume hiyo ilitoa kanuni za maadili ya walimu.

Pande hizo nne zinapokubaliana, kazi ni rahisi. Shida huanza zinapogongana. Mama anataka hivi, mwenye shule anataka vile, mwalimu mwenzako anakuomba unyamaze, naye mtoto amekutazama. Hapo mwalimu akumbuke lile sharti la juu na aanze na mtoto.

Siri za kutunzwa

Turudi mferejini. Jirani ameuliza kuhusu mtoto wa nyumba nambari saba. Huenda mwalimu anajua sababu. Huenda mama wa mtoto alimweleza kwa siri kuwa baba ameachishwa kazi Industrial Area na chakula ni mara moja kwa siku. Huenda alimweleza kuwa mtoto anameza dawa za virusi vya Ukimwi na ni lazima azimeze kwa wakati.

Jibu la mwalimu mwenye maadili ni fupi: "Mtoto yuko sawa, mama yake akipenda atakueleza." Kisha ajaze mtungi wake na aende zake. Kuhusu Ukimwi, hata sheria iko wazi. Tangu mwaka wa 2006 Kenya imekuwa na sheria inayolinda siri ya mtu aliyepimwa virusi hivyo. Lakini mwalimu asingoje sheria kwa mambo mengine. Karo isiyolipwa, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyechelewa kuzungumza, kitanda kilicholoa: hayo yote ni amana. Mama akisikia habari zake zimezunguka ploti nzima hatamwambia mwalimu jambo lolote tena, na mtoto ndiye atakayeumia siku kutakapokuwa na neno la maana la kuambiwa.

Siku hizi kuna mfereji mwingine ambao hauhitaji mtungi, nao ni simu. Mwalimu anapiga picha ya watoto wakila au wakioga mikono, kisha anaituma kwenye kundi la wazazi, na kabla ya jua kutua picha imefika asikokujua. Shule nyingine hubandika picha za watoto mtandaoni ili kuvutia wateja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka mzazi au mlezi aidhinishe kwanza. Mwaka wa 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Fedha hizo zingelisha shule ndogo ya mtaani kwa muda mrefu.

Siri za kutobolewa

Lakini wahenga hao hao waliosifu kufunga mdomo ndio waliosema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Tuseme ni Jumatatu, na mwalimu anamsaidia mtoto kuvua sweta. Anaona alama mgongoni. Mama anaishi mlango wa tatu kutoka kwake, huazimana chumvi. Akiripoti, uhusiano umevunjika, na labda akina mama wengine watamwona kuwa mchongezi. Asiporiporti, ataiona alama nyingine wiki ijayo.

Busara inahitajika hapa, kwa kuwa si kila alama ni dhuluma. Familia nyingi za Eastlands huishi katika chumba kimoja ambamo jiko, kitanda na mtoto anayetambaa hugawana nafasi. Uji moto humwagika. Watoto huanguka ngazini katika majumba ya ghorofa. Mwalimu anayekimbilia kulaumu anaweza kuiaibisha familia isiyo na hatia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika: tarehe, mahali alama ilipo, umbo lake, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema mwenyewe. Hatua ya pili ni kumjulisha mwalimu mkuu. Jeraha likionekana kuwa la ajali, mzazi aulizwe faraghani kwa upole. Mtoto asihojiwe mara kumi na watu kumi, kwa sababu atachanganyikiwa na kuanza kusema anachodhani wanataka kusikia.

Lakini alama zikiwa za mkanda au za vidole, zikirudi mara kwa mara, au mtoto akiogopa kwenda nyumbani, habari ziende mbele: kwa afisa wa watoto, kwa dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kwa simu ya watoto nambari 116, ambayo hupigwa bila malipo. Kufanya hivyo si uchongezi. Mchongezi huenda mferejini. Mwalimu huenda panapohusika.

Na ikiwa kuna shaka kwamba mtoto amenajisiwa, hakuna kuulizana wala kupatana vikaoni. Mtoto apelekwe hospitalini mara moja, kwa mfano Mama Lucy Kibaki kwa walio karibu, bila kuogeshwa na bila nguo zake kufuliwa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Waraka wa TSC wa mwaka wa 2010 unamtaka mwalimu mwenye habari za dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti kwa muda wa saa 24, na anayeficha huadhibiwa. Tena, taasisi ikinyamaza nayo hulipa. Mwaka wa 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa TSC na serikali pia waliwajibika kwa dhuluma ambayo mwalimu mmoja aliwatendea wasichana wawili wa shule ya msingi huko Nakuru.

Mwenzako akishika kiboko

Siri ngumu zaidi labda ni ile ya mwalimu mwenzako. Mnagawana chai ya saa nne, mnakopeshana nauli ya matatu, na mshahara ukichelewa mnaliliana. Kisha siku moja unamsikia kupitia ukuta wa mabati akimchapa mtoto kwa sababu ameshindwa kuandika herufi.

Wengi bado hutetea kiboko kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni nzuri, ila kukunja si kuvunja. Viboko viliharamishwa shuleni nchini Kenya mwaka wa 2001, Bw Kalonzo Musyoka akiwa Waziri wa Elimu. Katiba ya 2010 ikampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kipigo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko pamoja na kumtesa mtoto kiakili, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili.

Tuzingatie maneno hayo, kumtesa kiakili. Kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake, kumwambia ananuka, kumcheka kwa sababu amejibu kwa Sheng ya mtaani kwake, hayo pia yamo. Sera ya elimu inataka madarasa ya mwanzo yafunzwe kwa lugha inayotumika eneo la shule, na hapa Eastlands mtoto huja na Kiswahili chake cha ploti. Mwalimu amwongoze kutoka hapo kwa upole, maana lugha hiyo ndiyo aliyobembelezwa nayo.

Kuna tabia nyingine inayonong'onwa kuhusu baadhi ya vituo vya kulelea watoto, ambapo mlezi mmoja huachiwa watoto kumi na wengi zaidi. Wanapolia pamoja, hupewa dawa ya mafua ili walale. Mtoto asiye mgonjwa kupewa dawa ya kumlaza ni hatari kubwa, na mfanyakazi anayeona hayo na kunyamaza ameshiriki. Kwa vituo kama hivyo, kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya malezi ya watoto mwaka wa 2017.

Basi umfanye nini mwenzako? Zungumza naye kwanza, ana kwa ana, ikiwa kosa ni la hasira na si la kuhatarisha maisha. Mshike mkono; huenda amechoka, ana watoto wengi mno na mshahara wa miezi miwili anaudai. Asiposikia, mwambie mkuu. Mkuu asiposikia, nenda mbele. Lakini mtoto akiwa hatarini, usianze na mazungumzo.

Mwenye shule na kikombe cha uji

Narudi kwenye kile kikombe cha buluu. Ni haki ya mwenye shule kudai karo yake. Analipa kodi ya nyumba, maji na mishahara. Wazazi nao hawana budi kuelewa kuwa mwalimu hali mapenzi ya watoto. Katika shule za umma, mpango wa Dishi na Kaunti ulioanzishwa mwaka wa 2023 ulimwezesha mtoto kupata chakula cha mchana kwa Sh5. Shule za watu binafsi hazina msaada huo, na sufuria ya uji hutegemea mifuko ya wazazi.

Lakini deni ni la mzazi. Barua iandikwe kwa mzazi, simu ipigwe kwa mzazi, mkutano uwe na mzazi. Mtoto hana mfuko. Mwalimu akiagizwa kumsimamisha mtoto ukutani, anaweza kumwambia mwenye shule kwa heshima kuwa atampelekea mama ujumbe huo mwenyewe jioni, na kwamba wakati wa uji watoto wote watakunywa. Ni kweli anaweza kufutwa kazi. Sitamdanganya mwanafunzi anayesoma makala haya akijiandaa kwa stashahada ya ualimu wa chekechea kwamba maadili hayana gharama. Lakini walimu wa shule moja wakisema jambo hilo kwa pamoja, ni vigumu kuwafuta wote. Wajibu kwa walimu wenzako una maana hiyo pia.

Wajibu wa mzazi

Mzazi naye asikae kando akingoja mwalimu awe malaika. Kabla ya kumwandikisha mtoto, uliza: Je, shule imesajiliwa? Mwalimu amesomea kazi hii, na TSC inamtambua? Mtoto akikosea huadhibiwa vipi? Ni nani humpeleka chooni? Ni nani anaruhusiwa kumchukua jioni, na itakuwaje nikimtuma mtu msiyemjua? Picha zake zitapelekwa wapi? Shule njema haitakasirishwa na maswali hayo. Inayokasirika imekwisha kukujibu.

Kisha msikilize mtoto. Usimwulize tu, "Umesoma nini leo?" Mwulize ni nani alilia leo na alilia kwa nini. Watoto husema ya wenzao kabla hawajasema yao.

Nawe pia mrahisishie mwalimu kazi. Usimtume mtu mlevi kumchukua mtoto kisha umkasirikie mwalimu akikataa kumtoa. Usimwombe akufunulie habari za familia nyingine. Na usimshinikize amlazimishe mtoto wa miaka minne kuandika kurasa tatu za hesabu kila jioni ili uwaringie majirani. Mwalimu anayekwambia kuwa mtoto wako anahitaji kucheza hajazembea. Huenda anakuambia ukweli ambao utampotezea mteja.

Foleni mferejini imesogea. Jirani bado anangoja jibu kuhusu mtoto wa nyumba nambari saba, na wengine wawili wamenyamaza ili wasikie. Mwalimu anatabasamu, anasema mtoto yuko sawa, na kuuliza bei ya nyanya sokoni Muthurwa imefika ngapi. Mazungumzo yanaelekea huko.

Jumatatu, wakati wa uji, atamwongezea mtoto huyo kikombe cha pili. Jioni atamngoja mama yake langoni hadi wengine waondoke, kisha atamwuliza faraghani kama kuna jambo ambalo shule inaweza kusaidia. Mferejini hakuna atakayejua. Mtoto naye atajua tu kuwa Jumatatu ile alishiba.